Zanshin: wanafunzi wakimaliza pigo wanazubaa, wakiambiwa wawe macho wanakakamaa. Tufanyeje?

MkandaKahawia_Ngamiani

Habari za jioni wana jukwaa, na wakubwa zangu shikamooni.

Nauliza kuhusu zanshin, yaani kubaki macho na tayari baada ya pigo, hasa kwa wanaofundisha. Darasa ni la karate ya mtindo wa Shotokan, hapa Ngamiani, Tanga, ukumbi wa sakafu ya saruji, madirisha yanatazama barabarani. Wengi ni mkanda mweupe mpaka kijani. Kwenye ippon kumite (zoezi la wawili la shambulio moja) mtu anazuia vizuri, anarudisha gyaku-zuki (ngumi ya mkono wa nyuma) ya maana, halafu palepale anahesabu kazi imekwisha. Mikono inashuka, macho yanakwenda kwa sensei (mwalimu) kuangalia kama ameonekana, mwingine anaanza kurekebisha mkanda. Bodaboda ikipiga honi nje, vichwa vyote vinageuka.

Nikiita "zanshin!" linakuja tatizo la pili. Mabega yanapanda, taya zinakazwa, macho yanatolewa, pumzi inabanwa. Ukimgusa begani kidogo tu, anayumba.

Je, hii kitu inafundishwa kama zoezi, au inakuja mtu akikomaa? Macho yaangalie wapi hasa? Umbo la mwisho lishikwe kwa muda gani? Na huku kuwa macho kila upande huku mwili umelegea, mnamwelekezaje mtu wa mkanda mweupe bila kumchanganya? Naomba vitendo. Falsafa tumeisikia ya kutosha.

Yakhe_Kumite

Yakhe, kwanza acha kuliita hilo neno baada ya pigo. Ukiliita wakati ule unampa mwanafunzi kazi mpya, naye kazi ya mwili anaijua moja tu, kukaza. Halafu unachokiona mwishoni kilikwishaharibika kabla ngumi haijafika. Tanga ni waja leo waondoka leo, na kwa hao wako pigo laja leo, akili yaondoka leo. Dawa iko nyuma ya pigo.

Anza na pumzi. Mkanda mweupe kwenye kiai (ukelele wa pigo) anamwaga hewa yote. Ikiisha, jambo linalofuata ni lazima avute, na anavuta kwa kifua: mabega yanapanda, tumbo la chini linaachia, na kwa muda ule mfupi hana cha kujibu. Mfundishe kuikata pumzi kabla haijaisha. Atoe kama theluthi mbili, afunge kwa misuli ya chini ya kitovu, theluthi ibaki ndani. Kipimo chake ni rahisi: baada ya kiai, kabla hajavuta hewa, mwambie ataje jina lake kwa sauti ya kawaida. Akiweza, akiba ipo. Sauti ikikatika au akivuta kwanza, amemaliza yote. Fanyeni hivyo kwa gyaku-zuki ya kusimama mahali pamoja, mapigo kumi kila upande, kabla hamjagusa kumite.

Halafu uzito. Zenkutsu-dachi (mkao mrefu, goti la mbele limekunjwa) inabeba takriban asilimia 60 mbele na 40 nyuma. Mwanafunzi anayetaka ngumi ifike anajimwaga mbele: goti linapita vidole, kisigino cha nyuma kinanyanyuka, kifua kinainama. Huyo hata akiona pigo la pili linakuja hawezi kuondoka, maana lazima kwanza ajirudishe. Mwambie ghafla arudi nyuma hatua moja mara tu ngumi inapofika. Kichwa kikiinuka kabla mguu haujaondoka, uzito ulikuwa mbele mno. Hapo usimsemeshe habari za akili, mrekebishe goti.

Muda wa kushika umbo: kwa wanaoanza hesabu mbili za polepole, ila hesabu ni gongo la kutembelea tu. Kipimo cha kweli ni umbali. Ukiwa bado unafikiwa na mkono au mguu wa mwenzako, hujamaliza. Kwa hiyo pigo, shika, toka nyuma kwa yori-ashi (kuteleza kwa miguu yote miwili) mpaka nje ya umbali wake, kaa kwenye kamae (mkao wa tayari), na mikono ishuke pale wote wawili mnaposhusha au sensei anaposema yame (acha). Mpangilio ni miguu kwanza, mikono baadaye, macho mwisho kabisa. Wanaozubaa wanafanya kinyume chake, macho ndiyo yanayotangulia kuondoka.

Wakishaweza hilo, ongeza deni. Mshambuliaji, baada ya kurudishiwa ngumi, anaruhusiwa mara moja katika kila mara nne au tano kutoa chudan (ngumi ya usawa wa tumbo) ya pili, kwa nusu kasi, bila kutaja ni mara ipi. Asifanye kila mara, la sivyo mwenzake ataikariri kama sehemu ya zoezi na hutapata kitu.

Shinai_Raskazone

Nitaongeza upande wa kendo (upanga wa Kijapani), kwa sababu kule jambo hili limeandikwa kwenye kanuni na unaweza kulipoteza pigo kwa kulikosa. Ili pigo lihesabiwe, kanuni za FIK, shirikisho la kimataifa la kendo, zinataka moyo uliojaa na kiai, mwili uliosimama sawa, sehemu ya shinai (upanga wa mianzi) inayoruhusiwa kupiga igonge sehemu inayoruhusiwa kupigwa, ukingo uwe na mwelekeo wa kukata, na zanshin. Ikikosekana hiyo ya mwisho, men (pigo la kichwani) inaweza kulia ukumbi mzima na bendera za waamuzi zisipande. Na zikishapanda, mpiganaji akirusha mkono hewani kushangilia, waamuzi watatu wanaweza kushauriana na kulifuta pigo. Kwenye sanbon-shobu (pambano la pointi tatu) anayetangulia kupata pointi mbili ndiye mshindi, kwa hiyo sherehe ya sekunde moja inaweza kula nusu ya ushindi wako.

Wenzetu wa karate nao wanalo. Kanuni za WKF, shirikisho la dunia la karate, kwa miaka mingi zimetaja zanshin kati ya vigezo sita vya pointi, pamoja na umbo zuri, moyo wa kimichezo, nguvu, wakati na umbali. Anayepiga kisha akampa mpinzani mgongo anajiingiza kwenye mubobi, yaani kosa la kujihatarisha. Waambie hivyo vijana wanaopenda mashindano. Watasikia haraka kuliko ukiwatajia Zen.

Sasa mwili unafanya nini? Baada ya men miguu haisimami. Fumikomi (kukanyaga mbele kwa nguvu), kisha okuri-ashi (hatua za kuteleza) za haraka, unampita, unatoka nje ya ule umbali ambao hatua moja inatosha kupiga, unageuka bila kushusha ncha, na kensen, yaani hiyo ncha, inarudi kooni mwake. Makosa yako mawili. Mmoja anasimama pua kwa pua na mpinzani akingoja bendera. Mwingine anakimbia mpaka ukutani na anageuka amechelewa, mwenzake amekwishamfuata mgongoni. Huyu wa pili watu humsifu kwa moyo, mimi namwona hana zanshin kabisa. Anakwenda tu.

Ukitaka kuiona imepangwa hatua kwa hatua, itazame kata (mfululizo wa miendo uliopangwa) ya kwanza ya Nihon Kendo Kata. Shidachi (anayejibu) akishakata, uchidachi (anayeanza kushambulia) anarudi nyuma hatua moja, na ncha ya shidachi inakaa katikati ya macho yake. Uchidachi anarudi tena, shidachi anatoa mguu wa kushoto na kupanda hidari jodan (upanga juu ya kichwa, mguu wa kushoto mbele). Kila hatua ya mmoja inajibiwa na mwingine, hakuna anayemaliza peke yake. Kata ya pili, baada ya pigo la kote (kifundo cha mkono), haina umbo la kuonyesha. Shidachi anarudi chudan (ncha ikimwelekea mwenzake usawa wa kati) tu, na zanshin inabidi iwepo bila pozi. Darasa lako wanataka kuonyesha ya pili kabla hawajaijua ya kwanza.

Na hilo la kukakamaa lina jina la zamani. Kendo inahesabu maradhi manne ya moyo: mshtuko, hofu, shaka na kuchanganyikiwa. Mwanafunzi anayetoa macho ukimwita yuko kwenye hofu, na anachoogopa ni wewe, maana mpinzani amekwishamsahau. Takuan Soho, mtawa wa Zen aliyemwandikia Yagyu Munenori, mwalimu wa upanga wa mashogun (watawala wa kijeshi wa Japani) wa ukoo wa Tokugawa, aliliweka wazi: akili ikisimama kwenye upanga wa mwenzako imekamatwa na upanga huo, na ikisimama kwenye upanga wako mwenyewe imekamatwa na wako. Ongezea hapo, ikisimama kwa sensei imekamatwa na sensei. Kwa hiyo kaa pembeni. Usisimame mahali ambapo mwanafunzi akimaliza pigo anakuona.

BintiPangani_Goju

Kaka Yakhe, kwenye pumzi na uzito nakuunga mkono. Hilo deni la pigo la pili nalitilia shaka kwa mikanda myeupe. Mtu ambaye bado anatazama ngumi, ukimshtukiza, anachojifunza ni kushtuka. Anaanza kuikodolea mikono ya mwenzake ili asipitwe, na hapo umemwongezea lile lile ulilotaka kumwondolea. Macho kwanza, deni baadaye.

Jicho linaona kwa ukali sehemu ndogo sana ya katikati, takriban digrii 2, sawa na upana wa kucha ya dole gumba mkono ukiwa umenyooshwa. Sehemu ya pembeni haisomi umbo vizuri ila inagundua mwendo haraka, na kwa macho yote mawili inafika karibu digrii 180 na zaidi. Mtu akiogopa au akijitahidi kupita kiasi, anaitupa hiyo pembeni na kubaki na kile kitundu cha katikati. Miyamoto Musashi, aliyefariki 1645, alitofautisha kuona kwa kutambua na kuona kwa kutazama, akataka la kwanza liwe na nguvu na la pili liwe dhaifu. Wajapani huliita pia tazamo la mlima wa mbali, enzan no metsuke. Hapa kwetu nendeni Raskazone mkatazame upeo wa bahari. Yale macho yanavyotulia pale bila kushika kitu ndiyo unayotaka kuyaleta ukumbini.

Zoezi lenyewe. Mwanafunzi anasimama shizentai (kusimama kawaida), meno yasigusane, anatazama alama moja ukutani kama mita tano mbele. Ananyoosha mikono mbele, dole gumba juu, kisha anaifungua taratibu kwenda pembeni huku anachezesha dole gumba, macho hayaondoki kwenye alama. Anasimama pale dole gumba linapotaka kupotea. Wengi wanashangaa mikono imefika karibu usawa wa masikio. Dakika moja inatosha, zaidi ya hapo wanaanza kukodoa tena.

Kisha weka watu wawili, kushoto na kulia, hatua mbili kutoka kwake, mbele kidogo ya mstari wa mabega. Mmoja ananyanyua mkono wowote wakati wowote, naye anataja "kushoto" au "kulia" bila kugeuza jicho wala kupandisha sauti. Akiweza, aifanye huku anapiga gyaku-zuki polepole. Pigo likilegea anapotaja upande, punguza kasi. Akigeuza macho, wasogeze watu wale mbele zaidi. Mwisho mlete mwenzake mbele badala ya alama. Hapo macho yakae usoni, kati ya macho na shingo, huku mabega, viwiko na nyonga vyote vikiwa ndani ya picha. Ngumi inaanzia begani na teke linaanzia nyongani, kwa hiyo anayetazama ngumi anachelewa.

Honi za bodaboda usizikimbie, zitumie. Sheria iwe: asikie, ajue imetoka upande gani, asigeuke. Mwishoni mwa zoezi muulize zilipita ngapi na zilielekea wapi. Aliyekakamaa hatakumbuka hata moja, na aliyezubaa aligeuka kila mara.

Jambo dogo ila linaharibu: jasho. Kwa unyevunyevu wa Tanga linaingia machoni, mkono unapanda kufuta, na zanshin imekwisha. Watu wa kendo wana tenugui (kitambaa cha kichwani) ndani ya kofia. Ninyi funga kitambaa kwenye paji la uso wakati wa mazoezi, na kufuta kuwe baada ya kuinamiana.

Shinai_Raskazone

Dada hapo amesema kweli. Tofauti ndogo tu: kwenye kendo tunatazama machoni moja kwa moja, maana kofia inaficha sehemu nyingine za uso na mabega yamefunikwa. Ila picha nzima ni ile ile.

Mshale_Chumbageni

Mmeisema zanshin kama ulinzi, na ni sawa kwa karate na kendo. Kwenye kyudo (upinde wa Kijapani) inafanya kazi nyingine, nayo ingemsaidia muulizaji kuliko yote: ni mahali pa kusomea makosa.

Upigaji wa mshale una hatua nane: ashibumi, dozukuri, yugamae, uchiokoshi, hikiwake, kai (upinde umevutwa kamili), hanare (kuachia), na ya nane ni zanshin. Shabaha ya karibu iko mita 28, upana wake sentimeta 36. Mshale ukishaondoka, mpigaji haondoki. Mikono imefunguka pande zote mbili, macho kwenye shabaha, kifua kimepanuka, na anakaa hivyo sekunde chache kabla ya kushusha upinde. Hakuna adui wa kurudisha pigo pale, sasa kwa nini akae? Kwa sababu kila kosa la hatua saba zilizopita limechorwa kwenye mwili wake wakati ule. Mkono wa kulia ukiwa haukufunguka na umebaki karibu na uso, aliachia kwa vidole badala ya kufunguka kwa kifua. Mkono wa upinde ukishuka, upande wa kushoto ulichoka kwenye kai. Mwili ukiegemea nyuma, kiunzi cha mabega na nyonga kilivunjika wakati wa kuvuta. Mwalimu hana haja ya kutazama shabaha.

Kwa hiyo kwenye karate, unapowashikisha umbo kwa hesabu mbili, usiwaache wasimame bure. Hesabu ya kwanza ni ya mwenzake: yuko wapi, mikono yake iko wapi. Hesabu ya pili ni ya miguuni kwake mwenyewe, bila kushusha macho: kisigino cha nyuma kimekaa? Hikite (ngumi inayovutwa nyuma) iko mbavuni au imeelea? Bega la ngumi limepanda? Mwambie ataje kosa moja kabla wewe hujamtajia. Aliyekaza kila kitu hasikii chochote mwilini, kwa hiyo ili ajibu swali atalegea mwenyewe. Hutahitaji kumwambia "legea", neno ambalo sijaona likimlegeza mtu yeyote.

Makorora_Judo

Judo kwa ufupi. Ukitupa mtu, mkono wako unaoshika mkono wa nguo yake hauachii. Kwanza ni usalama, unamsaidia kichwa kisigonge na ukemi (kuanguka salama) yake inatoka vizuri. Pili, ukiachia, anageukia tumbo na amekwishatoka. Tatu, mwamuzi asipotoa ippon (pointi kamili ya ushindi) kwa kutupa, tayari uko juu yake na osaekomi (kumbana chini) inaanza, na sekunde 20 ni ippon. Wanaoachia mkono ili kumtazama mwamuzi ndio haohao wanaojikuta chini.

Kwenye saruji lakini msitupane. Mtafute mikeka.

MkandaKahawia_Ngamiani

Nimewaelewa, wakuu. La kukaa mahali wanafunzi wasiponiona naanza nalo. Swali la mwisho: kwenye kata ambako hakuna mtu mbele, mfano Heian Shodan, wanamaliza shuto-uke (zuio la ukingo wa kiganja) ya mwisho na kurudi yoi (mkao wa kuanzia) kama wanakimbizwa. Hapo nafanyaje? Na darasa la watoto?

Yakhe_Kumite

Heian Shodan ina miendo 21, na wa mwisho ni shuto-uke ya kushoto kwenye kokutsu-dachi (mkao wa uzito nyuma), pembe ya digrii 45. Kurudi kwao haraka kunaanzia kwenye uzito. Kokutsu inabeba takriban asilimia 70 nyuma, wao wanamalizia na uzito katikati, kwa hiyo mguu wa kushoto unabaki na mzigo na wanauchomoa kwa ghafla. Kwanza warudishe uzito kwenye mguu wa nyuma. Halafu shika kwa muda wa kutoa pumzi moja, si kwa hesabu. Kisha mguu wa kushoto unarudi polepole, mikono inafika yoi wakati mmoja na mguu, uso unageukia mbele pamoja na mwili wala hauutangulii. Yoi ishikwe pumzi moja nyingine, ndipo kuinama. Ukiona ameinama macho yakiwa yameangalia vidole vyake, amemaliza mapema.

Kipimo cha haraka: wanapofika mwendo wa 21, sema yame kwa sauti ndogo sana. Asiyesikia amekakamaa. Aliyekwishafika yoi kabla hujasema alizubaa. Siku nyingine chelewesha yame mpaka pumzi mbili au tatu, wasizoee muda mmoja.

Katikati ya kata pia, kila mgeuko kichwa kiangalie upande mpya kabla mguu haujaondoka. Wanaogeuza mguu kwanza wanazuia pigo la hewa tupu.

BintiPangani_Goju

Watoto usiwashikishe umbo hesabu mbili, hawatulii na watakuchukia. Tumia mchezo wa watatu: wawili wanafanya kihon kumite (kumite ya msingi) polepole, wa tatu anazunguka nyuma yao kwa miguu mitupu. Aliyemaliza pigo akimsikia yuko mgongoni, anahama kando hatua moja akiwa bado anamtazama mwenzake wa mbele. Asigeuke, asikimbie. Dakika tatu, kisha wabadilishane. Kwenye saruji miguu mitupu inasikika kidogo sana, ndiyo maana unafaa. Wakianza kucheka sana, wasimamishe hapohapo, zoezi limekuwa la kukimbizana na hutalirudisha siku hiyo.